Kwa Nini Raiya Alisimama

Nizwa

Dada yangu Salha,

Assalamu alaykum, na shikamoo yangu naitanguliza kabla ya maneno mengine yote. Namuomba Mola barua hii ikukute umekaa kitako, umepumzika, na goti lako limekubali dawa. Hujambo, dada? Unalala? Nimesikia kwa mkweo Zamzam kuwa umeanza tena kupanda ngazi kwenda kuanika. Usipande. Nguo waanike wanaozivaa. Na shemeji kifua chake kimetulia? Sie huku wazima, alhamdulillahi. Raiya mzima, nami mzima wa mwili. Moyo tu ndio uliochafuka, na ndio sababu ya kushika kalamu.

Utajiuliza kwa nini nisikutumie sauti kwenye simu kama siku zote. Simu yako, dada, inasikilizwa na nyumba nzima. Neno langu kabla hujalimaliza wewe, wajukuu wako wameshalifikisha Mkunazini na limerudi limevaa nguo nyengine. Hili nataka ulisome peke yako, mlango umeufunga, kisha ndipo umsomee shemeji. Barua anakuja nayo mke wa jirani yangu, anayekuja kumtazama mama yake.

Raiya atakuwa ameshakupigia kukwambia kuwa kashindwa mbio. Najua alivyosema, maana nilikuwa jikoni namsikia: "Mama, siku ile nilikuwa mzito, basi." Mwanao hajui uongo, lakini huo kausema, tena kausema kuwatunzia heshima watu ambao heshima yenyewe hawana. Hakuwa mzito. Alikuwa mbele ya wote. Ngoja nikusimulie tangu mwanzo.

Unakumbuka sharti la shemeji. Raiya akimbie mwaka huu mmoja. Akichaguliwa kwenye timu ya vyuo vya huku inayokwenda kushindana na vyuo vya Ghuba, ataendelea. Asipochaguliwa, viatu vya mbio ataviweka na akili yote irudi kwenye masomo. Mtoto alikubali, nami nilikuwa shahidi. Tangu hapo ikawa akishasali alfajiri huja kunibusu mkono, akashuka kufanya mazoezi kabla jua halijapata nguvu. Hata siku moja sikumwamsha. Wewe uliyekuwa ukimmwagia maji ili aende skuli utashangaa.

Basi kuchaguliwa kwenyewe kulikuwa ni kwenye mashindano yale niliyokutajia, ya riadha ya ndani, wasichana watupu, vyuo vya Nizwa, Ibra na Sur. Atakayetangulia kwenye mbio za mita sitini ndiye anayekwenda. Mmoja tu, hakuna wa pili.

Nami nilipoambiwa mara ya kwanza kuwa kuna mbio za ndani nilidhani mzaha. Ndani ya nyumba mtu akimbilie wapi? Kumbe chuo kimejenga ukumbi mkubwa, chini wametandika zulia la mpira jekundu lenye michirizi myeupe, kila msichana na njia yake. Mlango ukifungwa mwanamume haingii. Wasichana wanavua mabaibui, wanakimbia na suruali zao na mitandio ya kubana, roho zao zimetulia. Pembeni wanaruka juu, na kona ile wanatupa tufe, na tufe la ndani limevishwa ngozi laini lisiumize sakafu. Nililipenda jambo lile, dada. Niliwaona watoto wa watu ambao bwenini kutwa wanalalamika kichwa, wakifika mle wanakuwa kama paa. Na kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wao wa bweni, nikatiwa kwenye kamati ya matayarisho. Kazi zangu zilikuwa magodoro, maji ya kunywa, taulo, na kura. Kura ndiyo inayoamua nani akimbie njia ipi, asije mtu akasema kaonewa. Kura nilipewa na mkufunzi wao, mwanamke wa Kitunisi tunayemwita Kocha Lamia. Alisema, "Wewe mtu mzima, hutachezewa." Nilichezewa vizuri sana.

Mkubwa wa kamati ni Daktari Thuraya. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, baibui lake halijui mkunjo. Kiarabu chake ni cha huku ndani hasa, ukimsikia utasema ukoo wake haujawahi kuvuka hata kufika Muskati. Changu unakijua: cha Unguja, nimekivaa ukubwani nilipokuja kuolewa, na mpaka leo kinanibana kwapani. Wenzangu kazini wananiita Zinjibariya, na sioni vibaya, ndiko nilikotoka. Lakini Daktari akilitaja hulitaja kama mtu anayeokota kitu kwa ncha za vidole. Mwezi uliopita nilipeleka mkate wa ufuta ofisini. Wakaumaliza wote, wakalamba na vidole. Yeye kipande chake alikifunika kwa karatasi akakisukuma kando. "Sisi hatuna mazoea na vitu hivi," akasema. Nikasema moyoni, haya, kila mtu na tumbo lake.

Sasa sikiliza ya kura. Asubuhi ya mashindano nilimpigia mtu wa stoo nikamwambia kwa Kiarabu changu aniletee sanduku la kura, lile wanalotumia kila mwaka. Kwetu kura ni kura. Kwao kura hiyo ina qafu yake kooni na ain yake nyuma, na ukiisema kavu kama tunavyoisema sie, umesema mpira. Mbele ya msahafu herufi hizo nazitoa sawasawa, wewe mwenyewe ulinisikiliza nikikhitimu. Lakini kwenye simu, na haraka, ulimi ulirudi nyumbani.

Lilikuja sanduku, kubwa, likagongwa mlangoni na aliyelileta akaondoka. Nikalifungua mbele ya kamati nzima. Mipira, dada. Ya miguu, ya mikono, mingine haina upepo. Ikamwagika kwenye zulia jekundu ikashika njia, ikaenda mpaka mwisho wa ukumbi.

"Mashindano yameshaanza," akasema mmoja.

"Zinjibariya kaleta timu yake."

"Ule wa manjano umetoka kabla ya ishara, uondosheni."

Hata mimi nilicheka, ningefanyaje. Lakini aliyecheka kuliko wote ni Daktari. Alishika kiti asianguke. Kisha akajifuta macho akasema, "Basi, kura imegeuka mipira na wakati hatuna. Njia nitazigawa mwenyewe."

Nikamwambia, "Daktari, nikate vikaratasi sasa hivi, nivitie kwenye mkoba wangu, wachague. Si kazi."

"Umeshatuchekesha, Bi Thuwaiba. Inatosha."

Akagawa. Raiya akampa njia ya mwisho, ya ubavuni. Sikuona neno. Njia ni njia, nilidhani.

Nilikuja kuona nilipotoka kusali Adhuhuri. Uelewe, dada, mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote hazimiki kama taa akivuka mstari. Lazima apate pahala pa kumalizia mwendo, na humo ndani baada ya mstari pana ukuta. Kwa hivyo huegemezwa magodoro makubwa ukutani, mkimbiaji anajitupa hapo. Tuliyapanga wenyewe, mimi na wasichana. Niliporudi, magodoro ya ule upande wa Raiya hayapo. Pahala pake pamewekwa makochi ya rangi ya dhahabu, na zulia la Kiajemi juu ya zulia la mpira, na meza ya kioo, na sinia la halwa, na mabirika ya kahawa. Magodoro yetu nimeyakuta nyuma ya pazia yamelazwa chini, watoto wa wageni wanarukia na viatu vyao.

Kocha Lamia alikuwa ameshafika, mikono kiunoni. "Nani katoa magodoro?"

"Wageni wakae wapi?" akasema Daktari. Wageni ni wanawake wa nyumba ya tajiri mmoja aliyefadhili vikombe na medali.

"Wakae ubavuni."

"Ubavuni picha haitoki. Wanataka waonekane pamoja na wanaomaliza."

"Watamalizia mapajani mwao," akasema Kocha.

"Basi waambie wapunguze mwendo mwishoni."

Kocha akanigeukia mimi. "Umesikia? Kwenye mbio, wapunguze mwendo." Hakucheka, wala mimi.

Wakaja wageni. Dada, mimi si mtu wa kuchukia mgeni. Tumelelewa kumtolea mgeni godoro la juu. Lakini nilichokiona siku ile mpaka leo nikikikumbuka chakula hakipiti. Viatu vya visigino virefu vikipigapiga kwenye zulia lile ambalo wasichana wasipokimbia wanalikanyaga na soksi wasilitie doa. Chetezo kikazungushwa ukumbi mzima, moshi wa udi ukatanda, na watoto wanaotaka kwenda mbio wakasimama wanakohoa na mitandio puani. Mmoja alikuwa anakula tende, kokwa anaziachia chini, zinaviringika mpaka kwenye njia. Nikapiga magoti nikaziokota, maana mguu ukikanyaga kokwa kwa mwendo ule, umevunjika. Yule bibi alinitazama ninavyookota. Unajua alifanya nini? Akaniangushia nyengine karibu na mkono wangu, kwa kunirahisishia kazi.

Nikainuka nikasema kwa lugha yetu, kwa ndani ya meno, "Watu wazima, haya hawana hata ya kuazima." Daktari alikuwa kasimama ubavuni kwangu. Niliona shingo yake imegutuka kidogo. Nikadhani nzi.

Katikati ya wageni wote alikuwapo mmoja tu wa kumheshimu, naye ni mama wa yule tajiri, bibi mtu mzima wa Sinaw, na barakoa yake usoni na mkongojo mkononi. Alisema mbele yangu, "Mbona mmenikalisha njiani kwa watoto?" Wakamwambia, "Hapana, mama, hapa ndipo pazuri." Wakamkalisha pembeni kabisa mwa kochi, uso kwa uso na njia ya Raiya, na meza ya kioo ikamziba upande mmoja.

Ikaja zamu ya mita sitini. Raiya alinitazama mara moja tu, akasoma dua zake, akainama. Kibao cha ishara kikalia.

Sijui nikueleze vipi. Wewe humjui mtoto huyo akikimbia. Unamjua akitafuta kiatu chini ya kitanda. Alitoka kama aliyeitwa. Walikuwa sita, na kabla ya nusu ya ukumbi alikuwa mbele, na kila hatua akiongeza. Nilikuwa nimesimama karibu na makochi, na vile vishindo vilikuwa vinakuja kwetu, zulia lote linatetemeka. Yule bibi maskini akaingiwa na hofu kuwa yuko njiani mwao. Akainuka awapishe. Lakini apishe aende wapi, meza huku, kochi huku? Pahala pa kutia mguu palikuwa mbele tu. Akatia mguu kwenye njia ya Raiya.

Ndipo nikasikia, sikioni mwangu kabisa, sauti kubwa ya mwanamke ikisema, "Simama weye!"

Kwa Kiswahili, dada. Si Kiarabu. Kiswahili cha Pemba, kama mama anayemuona mwanawe anakimbilia kisima. Na sauti ilikuwa ya Daktari Thuraya.

Wasichana watano walisikia ukelele tu, wakaendelea. Mmoja alisikia neno. Raiya alisimama. Hakupunguza mwendo, alisimama: akakaza visigino, akateleza, akaanguka kwa ubavu hatua chache kabla ya mstari. Msichana mmoja wa Manah, hapa jirani, akampita akashinda. Yule bibi hakuguswa hata ncha ya shela.

Wewe ndiye uliyemfunza. Unakumbuka ulivyokuwa ukimwambia kila akitoka kwenda dukani: mtu mzima akikwambia simama, simama kwanza, sababu utauliza baadaye. Alisimama kwanza.

Yule bibi akauliza, "Huyu aliyekuwa mbele, mbona kasimama?" Akauliza tena. Wakampa kahawa.

Kocha Lamia akaja mbio. "Kuna mtu kasema wasimame. Mbio zirudiwe."

Daktari uso ulikuwa wa majivu, lakini Kiarabu chake kilishanyooka. "Nilipiga ukelele kwa hofu. Hakuna aliyeambiwa asimame."

"Raiya, ulisikia nini?"

"Nilisikia naambiwa nisimame."

"Kwa lugha gani?" akauliza mmoja wa kamati.

Mtoto kakaa pale chini, ubavu umechubuka, akamtazama Daktari, kisha akanitazama mimi. "Nilipoambiwa nisimame sikuangalia lugha," akasema.

Yule wa Manah naye hana kosa, Mungu amlipe. Akasema, "Nilisikia sauti lakini sikufahamu neno. Na nilikuwa nyuma yake, wallahi." Ndipo yule mmoja wa kamati akacheka. "Neno ambalo wote hawakulifahamu ila binti wa Zinjibariya. Basi kalisema nani? Hapa nani mwengine anasema Kiswahili?"

Wote wakanigeukia. Wakacheka tena kile kicheko cha mipira. Ikawa mimi ndiye niliyepiga kelele, na mimi ndiye niliyemsimamisha mtoto wa dada yangu mwenyewe.

Nikamtazama Daktari. Neno moja tu lilikuwa linatosha. Alishusha macho akaitengeneza mikono ya baibui lake. Dada Salha, nimeona watu wakiiba, nimeona watu wakitukanana msikitini, lakini sijawahi kukinai mtu kama nilivyomkinai yule mwanamke saa ile.

Kocha kaandika malalamiko, na kamati ya wakubwa wa chuo itakaa kuyasikiliza baada ya mitihani. Kila aliyekuwa karibu na makochi atatakiwa aseme alichosikia, kwa kiapo. Ikithibiti kuwa mkimbiaji kaambiwa asimame na mtu wa kamati yetu asiye jamaa yake, mbio zitarudiwa. Isipothibiti, jina la yule wa Manah litapelekwa, na viatu vya Raiya vitawekwa.

Siku ya pili ya mashindano, baada ya Alasiri, Daktari akaja kwangu bwenini. Peke yake. Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavua viatu kama mtu aliyefika kwao. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Ntoto ubavu unanuma?"

"Unamuuma," nikamwambia. "Na mimi unaniuma."

"Najua."

"Ni wa wapi wewe?"

"Wete. Nlikuja mdogo." Akaniambia kuwa skulini huku walimcheka ulimi wake mpaka akawa hasemi. Mama yake akamwambia lugha hiyo iishie mlangoni mwa nyumba yao. Mama alipokufa haikubaki hata hapo mlangoni. Mumewe anadhani kwao ni Nizwa tangu na tangu. Wakwe zake wanadhani hivyo. Watoto wake hawajasikia hata neno. "Nilidhani nimesahau," akasema. "Nlipomwona yule bibi anatia nguu, hicho ndicho kilichotoka. Sikukichagua."

Nikamuuliza lile lililokuwa likinikereketa. "Asubuhi nilipotaka kura, ulijua nataka nini?"

"Nlijua."

"Mbona ulicheka?"

"Ningekuwa peke yangu nisiyecheka, wangenangalia."

"Na njia ulizigawa mwenyewe kwa nini?"

"Walitaka makochi yawe upande ule. Binti wa nyumba ya tajiri naye anakimbia. Nilimpeleka mbali nayo." Akasema hivyo hivyo, dada, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu nguo za kufua. Makochi yalikuwa ya kwao, halafu mtoto wao ndiye aepushwe nayo.

Nikampa chai, maana mgeni ni mgeni. Akakishika kikombe, hakunywa. "Ule nkate wa ufuta," akasema, "sikuufunika kwa kuuchukia. Harufu yake ingeniliza mbele ya watu." Hapo nilimuonea huruma, nikwambie kweli. Niliona kabinti kadogo kanakoshushwa kwenye ndege na kuambiwa kaufunge mdomo. Kisha akanimalizia huruma mwenyewe. Akasema, "Raiya nitamtia awe wa akiba, atasafiri na wenzake. Hatakimbia, lakini atakwenda. Nawe siku ya kamati useme hukusikia vizuri. Nsitiri, dada. Muislamu humsitiri mwenziwe."

Yaani mtoto akabebe mikoba ya wenzake, na mimi niape uongo, na kuitwe kusitiriana. Nilimwambia nitafikiri. Alipotoka nilikisugua kile kiti, sijui kwa nini, kilikuwa safi.

Nilipomweleza Raiya, akasema, "Khalati, muache. Asingepiga ukelele ningemuua bibi wa watu."

"Na mbio zako?"

"Yule bibi mzima." Akaenda akaosha viatu vyake, akavianika dirishani. Mtu anayetaka kuviweka viatu, dada, havioshi vile, mpaka kwenye matundu ya kamba.

Nimesali istikhara Mola anioneshe la kufanya, nikairudia tena. Mwanzo neno lile la sitara lilinikaba, kwa sababu kweli tumefunzwa kuwa anayemsitiri mwenziwe naye husitiriwa. Tena tumefunzwa tusiufiche ushahidi. Nikawa nageukageuka baina ya mawili hayo kama mtu kwenye kitanda kifupi. Mpaka juzi, nikiwa nakanda unga, likanijia jambo jepesi kabisa. Mtu husitiriwa aibu yake. Kiswahili kimekuwa aibu tangu lini? Kwa Kiswahili bibi yetu alitufasiria Alhamdu. Kwa Kiswahili mama alituombea siku aliyokata kauli. Nikinyamaza, sitakuwa nimemsitiri Daktari. Nitakuwa nimekubaliana naye kuwa sisi ni kitu cha kufunikwa kwa karatasi na kusukumwa kando.

Kwa hivyo nimekusudia kusema. Nitasema alichosema, na kwa lugha aliyosemea, na kuwa kwa neno lile bibi wa Sinaw yu hai. Hilo nalo nitamshuhudia, ni haki yake. Njia na makochi nitayasema pia. Kazi wakinifukuza, riziki haiko mkononi mwao.

Lakini Raiya ni mwanao, si wangu. Nikisema, jina lake litazungumzwa kwenye kila chuo, na kwenu huko maneno yatafika. Sitaki nifungue mdomo bila ya ruhusa yako na ya baba yake. Na jengine, umuombe shemeji, kwa hisani yake: hata kamati ikikataa, siku ile asiihesabu. Sharti lilikuwa akishindwa, na mtoto hakushindwa. Alisimamishwa, akatii.

Nisalimie Zamzam mkweo, umwambie ngazi nimemkabidhi yeye. Msalimie maalimu wa chuoni aliyemkhitimisha Raiya, na yule fundi cherehani jirani yenu aliyemshonea suruali ya kwanza ya mazoezi akaapa hatamwambia mtu. Wajukuu wote wabusu, na yule wa mwisho mwambie bibi yake wa Omani hajala bado ile halwa aliyomuahidi kumletea. Shemeji nampa mkono wa heshima.

Mke wa jirani atakuwapo huko mpaka mama yake apate nafuu, kisha anarudi, na kamati itakaa si muda mrefu baada ya hapo. Umpe jibu kwa mkono, usitume sauti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Thuwaiba

Tafadhali, dada, nijibu mapema.